Ukanda wa Mafundo wa Mghoi

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo ni sauti ya watu walioshiba au ya watu wenye homa? Narudia. Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa watu, pakawa na nchi yao!

Haya, sasa mmeamka. Wewe mwenye karanga, zitafune polepole, meno yako yana kelele kuliko mdomo wangu.

Hapo kale, kale hasa, palikuwa na nchi ya vilima vya mawe. Katika nchi hiyo aliishi mtu mmoja jina lake Mwadime, na mkewe jina lake Mghoi. Watoto wao walikuwa wameshaoa na kuolewa mbali. Nyumbani walibaki wawili, na mbuzi watano, na jogoo mmoja asiyejua saa.

Mwadime alikuwa mchuuzi wa chumvi. Alikwenda mbali, akarudi, akaenda tena. Na watu wa nchi ile walikuwa na desturi yao. Mtu akisafiri, huacha mlangoni ukanda wa ngozi ya mbuzi uliofungwa mafundo. Fundo moja, siku moja. Anayebaki hufungua fundo moja kila asubuhi. Fundo la mwisho likifunguka, msafiri yuko njiani anakuja, weka maji ya kuoga.

Mghoi alifungua mafundo ya mumewe miaka mingi. Vidole vyake vilijua ukanda ule kuliko vilivyojua kichwa chake mwenyewe.

Kisha macho ya Mwadime yakaingia ukungu. Mwaka wa kwanza aliona watu kama vivuli. Mwaka wa pili aliona mchana na giza tu. Mwaka wa tatu hakuona kitu. Akakaa nyumbani. Ukanda ukaning'inia mlangoni, mtupu, hauna hata fundo moja.

Mghoi akawa ndiye wa kuni, ndiye wa maji, ndiye wa shamba, ndiye wa mbuzi. Na hakunung'unika, msije mkamsingizia.

Siku moja mbuzi akapotea. Mghoi akamfuata, akapanda mawe, akapita vichaka, akatokea asipopajua. Palikuwa na jiwe kubwa lenye tundu katikati, na upepo ulipopita tunduni jiwe likapiga mluzi. Fyuuu! Mbuzi amesimama mbele yake, masikio wima, anasikiliza.

Mghoi naye akakaa chini, akasikiliza. Hakuwa amekaa chini mchana kwa miaka mitatu. Akasema, "Kumbe huku kote nimeishi, na jiwe hili lipo, na sijui!" Akafurahi bila sababu. Ninyi mnaijua furaha ya namna hiyo? Haina faida yoyote, lakini unaporudi nyumbani miguu ni myepesi.

Alipofika mlangoni akaogopa kusahau. Akaushika ule ukanda, akafunga fundo moja. Akalipa jina: Jiwe la Mluzi.

Mwadime akauliza kutoka ndani, "Mke wangu, umechelewa. Ulikuwa wapi?"

Mghoi akafungua mdomo aseme. Kisha akajiuliza, nitamwambiaje mtu asiye na macho kwamba nimetoka kuona kitu kizuri? Si kumchoma kidonda? Akajibu, "Nilikuwa njiani nakuja."

Baada ya siku mbili akaenda kutafuta kuni, akaona bonde dogo la majani yaliyolala, bado lina joto la swala waliolala humo. Akaweka kiganja juu ya lile joto mpaka likaisha. Akarudi, akafunga fundo la pili: Kitanda cha Swala.

"Mke wangu, umechelewa. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa njiani nakuja."

Akaenda kuchimba viazi, akaona mahali ambapo vipepeo weupe hunywa tope. Akarudi, akafunga fundo la tatu: Kilabu cha Vipepeo. Hapo mwenyewe alicheka.

"Mke wangu, umechelewa. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa njiani nakuja."

Basi jambo likamkolea. Ukimwona na mzigo wa kuni, jua kuni ni kisingizio. Na alikuwa na sheria zake. Penye maji, fundo la kuzungusha mara mbili. Pasipo maji, la kuzungusha mara moja. Padogo, fundo dogo. Panapotisha, fundo la kukaza kwa meno. Hakuchukua kitu, hata jani. Na fundo halifungwi ila siku ile ile uliyosimama pale kwa miguu yako. Nani alimwekea sheria hizo? Hakuna. Alijiwekea mwenyewe, akazishika kuliko sheria za mfalme. Asubuhi, kabla ya kuwasha moto, alipitisha vidole kwenye ukanda akitaja majina, fundo kwa fundo, midomo inacheza bila sauti.

Sasa kulikuwa na Fisi. Hapakosi fisi. Fisi huyu alimwona Mghoi akienda na kurudi, anatabasamu peke yake. Akamngoja njiani.

"Mghoi, huko utokako kuna nyama?"

"Hakuna."

"Kuna mifupa?"

"Hakuna."

"Kuna hata ngozi kuukuu?"

"Hakuna."

"Basi kuna nini?"

"Kuna mahali."

Fisi akakaa chini, kichwa kikamuuma. "Mahali pana nini?"

"Pana upepo, pana jiwe, pana kivuli kizuri."

"Kivuli kinaliwa?"

"Hakiliwi, ndugu yangu. Nipishe nipite."

Fisi akasema moyoni, huyu mama mwongo. Mtu na akili zake hapandi mlima kwa ajili ya mahali patupu. Ana nyama amefukia. Akangoja Mghoi atoke, akaenda nyumbani kwake.

"Hodi!"

"Karibu," akasema Mwadime. "Nani?"

"Mimi jirani."

"Jirani, mbona unanuka kama fisi?"

"Basi ndiye mimi. Sikiliza, Mwadime. Mkeo ana siri. Kila siku anaondoka, kila siku anafunga fundo kwenye ukanda wako. Ushike uone. Kisha umuulize anaficha nini, nami unigawie."

Fisi akaenda zake, mate yanamtoka. Mwadime akainuka, akapapasa ukuta, akafika mlangoni, akaushika ukanda. Akahesabu. Moja, mbili, tatu. Akafika kumi na mbili. Kesho yake akahesabu tena: kumi na tatu.

Mwadime akakaa chini. Kwa watu wa nchi ile fundo lina maana moja tu, na anayefunga ndiye anayeondoka. Yeye hakufunga. Basi Mghoi anasafiri, tena safari inarefuka kila siku.

Je, alikasirika? Hakukasirika. Alisema moyoni, mwanamke huyu ameniongoza miaka mitatu kama mbuzi wa kamba. Akitaka kwenda kwao apumzike, nimzuie kwa lipi? Akaona haya kuuliza. Akawaza njia ilivyo ndefu kufika kwa wakwe zake, na masurufu yanayotakiwa. Akakumbuka kikapu cha unga kilichokuwa pembeni, na unga wenyewe ni kidogo.

Jioni Mghoi akamwekea ugali wa mtama na kunde. Mwadime akamega tonge moja, akanawa.

"Kula, mume wangu."

"Nimeshiba."

Kesho yake hivyo hivyo. "Kula, mume wangu." "Nimeshiba." Kesho kutwa hata tonge hakumega. "Kula, mume wangu." "Nimeshiba."

Mnaona? Alikuwa anamwachia unga wa njiani. Anakonda kwa ajili ya safari isiyokuwepo. Mimi hapa kila nikisimulia nataka kumpiga kofi huyu mwanamume, kisha nataka kumkumbatia.

Mashavu yakamwingia ndani. Mbavu zikahesabika. Mghoi akatafuta dawa, akachemsha mizizi, akaita waganga, na waganga wakaondoka na jogoo. Usiku akamsikia mumewe akipumua kidogo kidogo, akaogopa. Akafahamu kwamba kabla mwezi haujaisha atakuwa mjane.

Juu ya hofu hiyo likaja jambo lingine. Asubuhi moja alipitisha vidole kwenye ukanda, fundo la mwisho halipo. Lile la Bonde la Majibu Matatu. Kesho yake la Mti Uliomeza Jiwe halipo. Siku ya tatu la Kisima cha Kiganja halipo.

Mghoi akashika mchi, akamfuata Fisi mpaka pangoni.

"Toka! Umekula mafundo yangu!"

Fisi akatoa pua. "Mama, nitazame vizuri. Ningekula mafundo, ukanda ningeuacha?"

Mghoi akafikiri, akaona ana hoja. Akarudi nyumbani mapema, hakuita hodi. Akasimama nyuma ya ua, akachungulia.

Akamwona Mwadime anatoka ndani, anashika ukuta. Anafika mlangoni. Anaushika ukanda, anatafuta fundo la mwisho, analifungua kwa kucha zisizo na nguvu. Na machozi yanamtoka katika macho yale yasiyoona.

"Mwadime! Unafanya nini?"

Mwadime akashtuka kama mwizi. "Nisamehe, mke wangu. Napunguza siku."

"Siku za nini?"

"Za safari yako. Nilisema usafiri, una haki. Nikakuachia unga. Lakini siku ni nyingi mno, Mghoi. Nimepunguza tatu tu. Hii ya nne."

Mghoi akakaa pale pale kwenye vumbi. Akacheka, kicheko kikageuka kilio, akamshika miguu.

"Hizo si siku, mume wangu. Ni mahali."

"Mahali?"

"Mahali nilipopaona. Nilipapenda, nikaogopa kupasahau. Sikukuambia kwa sababu ya macho yako. Nilidhani nitakuumiza."

Mwadime akaupapasa tena ukanda. Kisha akauliza, "Nilipofungua mimi ni wapi?"

"Bonde la Majibu Matatu. Mti Uliomeza Jiwe. Kisima cha Kiganja. Na sasa hivi, Pango la Popo Mmoja."

"Popo mmoja tu?"

"Mmoja tu. Sijui wenzake wamekosana naye nini."

Mwadime akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu mwezi ulipoandama. "Yafunge tena basi."

"Siwezi. Fundo halifungwi ila siku uliyosimama pale."

"Sheria ya nani hiyo?"

"Yangu."

Mwanamume akaelewa kwamba sheria ni sheria. Akasema, "Niliyofungua mimi, nitafunga mimi. Nipe bega lako."

Mghoi akakataa, akasema huna nguvu. Mwadime akasema, "Nipe bega lako." Mghoi akasema utaanguka. Mwadime akasema, "Nipe bega lako." Akampa. Wakautungua ukanda mlangoni, wakaenda polepole, wakipumzika kila penye jiwe la kukalia.

Wakafika Pango la Popo Mmoja. Mwadime akasimama mlangoni, akavuta pumzi. "Si mmoja," akasema. "Nasikia watoto wadogo wanalia ndani kabisa." Mghoi akasikiliza, na kweli walikuwepo. Mwadime akafunga fundo.

Wakafika Kisima cha Kiganja, shimo jiweni lenye maji ya kujaza kiganja kimoja, ambayo hayakauki. Mwadime akalaza sikio kwenye mwamba. "Chini huku kuna mto," akasema. "Fumba macho usikie." Mghoi akafumba macho, akalaza sikio karibu na la mumewe. Maji yalikuwa yanapita ndani ya mwamba, mengi. Alikuja pale mara sita na hakuwahi kuyasikia, kwa sababu kila alipokuja alikuwa anatazama.

Wakafika Mti Uliomeza Jiwe. Mwadime akaupapasa mpaka Mghoi akachoka kusimama. "Jiwe lina joto, mti una baridi," akasema. "Ulijua?"

"Sikujua. Niliona tu."

Kila mahali akafunga fundo. Mafundo yake yalikuwa makubwa, ya kichuuzi, ya kufungia magunia. Yalimharibia Mghoi mpangilio, lakini akayaacha.

Mwisho wakafika Bonde la Majibu Matatu. Jua lilikuwa bado juu. Mwadime akamwachia bega, akasimama peke yake, akajaza kifua, akaita, "Mghoi!"

Bonde likajibu, "Mghoi! Mghoi! Mghoi!"

Mwadime akasikiliza mpaka jibu la tatu likaisha kabisa. Kisha akakaa kwenye majani, akashika tumbo.

"Mke wangu, nina njaa. Umebeba chochote?"

Mghoi hakubeba kitu. Ungebebaje chakula cha mtu ambaye siku zote anakuambia ameshiba? Akageuka huku, akageuka huku, akauona mti wa furu umezaa, matunda meusi tele. Akachuma kwa mikono miwili, akayamwaga mapajani mwa mumewe.

Mwadime akala. Akatema kokwa. Tu! Akala tena. Tu! Akala tena. Tu! Mghoi anahesabu kokwa zinavyoanguka, na kwa kila moja anasema ahsante moyoni. Midomo ya mumewe ikawa myeusi kama ya mtoto.

"Yameisha?" akauliza Mwadime.

"Bado yapo mengi mtini."

"Basi chuma, mke wangu. Chuma tena."

Ngano yangu inakoma hapo, wala msinivute kanga. Ikiwa ni tamu, gawaneni. Ikiwa ni chungu, niachieni mimi niliyeipika. Funzo lake ni hili: ukiona kitu kizuri, mwambie wa nyumbani kwako, hata ukidhani hawezi kukiona. Usimfanyie huruma ya kumnyamazia.

Mimi mwenyewe nilipita bonde lile siku hiyo, nikaita jina langu. Likanijibu mara mbili. Mara ya tatu likasema, "Bibi, nenda kalale, umeshawachosha watoto wa watu."