Mtungi wa Bi Digidigi Siku ya Mbio

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wana majiko na ugomvi wa majirani, Bi Digidigi aliishi na mumewe katika kichaka karibu na kisima. Bonde zima lilikuwa na kisima hicho kimoja. Kila kiangazi zilifanyika mbio za kulizunguka bonde, kuanzia alfajiri hadi jua la utosi, na mshindi ndiye aliyekuwa mkubwa wa kisima mpaka mvua zirudi.

Miaka mitatu mfululizo alishinda Nyati. Na Nyati hakunywa kwa adabu. Aliingia kisimani mzimamzima, akaoga, akajisaidia humo humo, akatoka akicheua. Wenzake walipofikiwa na zamu walikunywa tope lenye harufu yake. Watoto wawili wa Bi Digidigi waliugua matumbo kwa maji hayo, na mmoja nusura afe.

Bi Digidigi akasema mwaka huu atakimbia tena. Mumewe alicheka hadi akapaliwa na jani. Alikuwa na sababu: mwaka uliotangulia mkewe alianguka katikati ya njia, misuli imemkakamaa kama kuni, akarudishwa nyumbani mgongoni mwa Punda.

Lakini Bi Digidigi hakuanguka bure. Siku ile alipokuwa amelala akijiuguza, alijilamba bega, akakuta lina chumvi. Kumbe jasho haliondoki na maji peke yake! Tena zile nguvu alizoanza nazo zilizimika ghafla kama moto wa mabua. Akaamua kwamba safari hii vyote vitatu atavirudisha mwilini huku anakimbia: maji, chumvi na utamu.

Akaanza kujaribu. Mara ya kwanza alikoroga asali nzito kama uji, akainywa kwa fahari, akatimka. Hakufika mbali. Tumbo lilimnguruma, ngurrr, akashinda siku nzima nyuma ya kichaka, mumewe akimpelekea majani, na si ya kula. Mara ya pili akapunguza asali. Mara ya tatu akapunguza tena, mpaka maji yakabaki na utamu wa mbali na chembe ya chumvi, kama machozi ya mtu aliyetoka kula muwa. Akayatia katika kibuyu kidogo, akakifunga shingoni, akawa anapiga funda moja moja njiani. Siku hiyo alikimbia mpaka mumewe akachoka kumtazama.

Habari zikamfikia Nyati kwamba Digidigi ana dawa. Ikabaki siku moja mbio zifanyike, akaja mwenyewe, akaujaza mlango, akataka aonyeshwe. Bi Digidigi alimweleza ukweli wote: maji mengi, asali kidogo, chumvi chembe, na kunywa kidogo kidogo.

Nyati akamtazama kwa dharau. "Kidogo, kidogo, kidogo. Unanificha wewe. Dawa ya nguvu hainywewi kama uji wa mgonjwa."

Bi Digidigi akainamisha macho. "Umenikamata, bwana mkubwa. Ile yenyewe itakuwa mtungini nyuma ya jiko. Lakini hiyo siwezi kukupa. Nitainywa kesho kabla ya kukimbia."

Nyati akaondoka akijifanya hakusikia. Alipotokomea tu, Bi Digidigi akakamua masega matano ya asali, akaongeza ukwaju, akatupia ukufi wa chumvi. Mumewe akamuuliza kwa wasiwasi kama kitu hicho hakitaua.

"Hakikuniua mimi," akasema, "na yeye ana tumbo kubwa zaidi."

Wakatoka kutembea, mlango wameuacha wazi. Waliporudi, mtungi haupo.

Alfajiri Nyati alifika kwenye mstari, ndevu zinanata. Korongo, mwamuzi, akashusha bawa. Puku, puku, puku! Nyati akaondoka kama ngurumo, akamwacha Bi Digidigi kwenye vumbi. Kilima cha kwanza alikipanda akiimba. Cha pili, tumbo likamwitikia. Cha tatu, akaingia kichakani. Akatoka, akakimbia hatua kumi, akaingia kingine.

Bi Digidigi alimpita akiwa katika kichaka cha nne, akampa shikamoo yake kwa heshima. Marahaba haikutoka. Ilitoka sauti nyingine, ambayo siiigizi kwa kuwa bado mnakula.

Si kwamba yeye alipata mteremko. Kwenye kilima cha tano jua lilimchoma, na kibuyu kikamshawishi akigugumie chote. Akawakumbuka wanawe, akapiga funda moja tu, akasonga mbele. Jua lilipofika utosini, aliugusa ukingo wa kisima, peke yake.

Nyati alifika alasiri, amekonda uso, anatembea upandeupande. Mbele ya umati akamshtaki: Digidigi amemwekea sumu kwenye kinywaji.

"Kinywaji cha nani?" akauliza Korongo.

"Chake."

"Alikupa?"

Nyati akajipangusa ndevu zilizonata. Punda ndiye aliyeanza kucheka, na bonde zima likafuata.

Tangu siku hiyo Bi Digidigi akaamuru kila mtu achote kwa kibuyu, na asiwepo wa kutia mguu kisimani. Lakini jioni ile ile alimpelekea Nyati bakuli la maji yenye utamu wa mbali na chembe ya chumvi, maana aliyeharisha hivyo angeweza kufa kwa ukavu. Nyati aliyanywa taratibu, macho chini, na hakubishana tena juu ya kipimo.

Mwenye pupa, hata dawa humgeukia sumu.