Posa Iliyoishia Mapokezini

Kulikuwa na bwana mmoja mjini, alinunua jengo la ofisi la enzi za mkoloni. Ghorofa nne, limekaa tupu mpaka popo wakajiona ndio wenye nyumba. Akaligeuza makazi. Palipokuwa na masijala pakawa jiko, chumba cha meneja kikawa cha kulala, vigae vikang'aa, maji ya moto yakapanda. Wapangaji wakahamia, naye akachukua ghorofa ya juu na mkewe na binti yao wa pekee.

Kitu kimoja hakukigusa: meza ya mapokezi pale chini. Mninga mtupu, aliipenda mno. Akamweka mlinzi, akamwagiza, "Kila mgeni mwulize shida yake. Asiyeeleza asipande. Sitaki wazururaji."

Ikafika siku ya kuposwa binti. Bwana yule aliiombea siku hiyo, maana binti alishakataa wawili, na huyu wa tatu ndiye aliyempenda mwenyewe. Pilau ikaiva, wajomba wakaketi. Wakangoja. Pilau ikapoa, shangazi mtu akaanza kupiga miayo. Bwana akashuka.

"Hawajafika wageni?"

"Walifika wazee watatu, bosi. Nikawauliza, mna shida gani?"

"Wakasemaje?"

"Mmoja akaniambia, 'Mwanangu, neno letu halisemwi wima. Tukiketi huko juu tutalisema.' Nikamwambia, basi mzee, hampandi. Wakashukuru, wakaenda zao."

"Wale ni washenga, wewe! Mshenga gani anaposa kwa mlinzi?"

"Ningejuaje, bosi? Nimeuliza ulichoniambia niulize."

Bwana akatuma watu kuomba radhi. Jibu likarudi kwa upole kabisa: wazee walitumwa nyumbani kwa watu, wakajikuta ofisini, na ofisini hapaposwi. Binti alipoambiwa hakulia. Alimtazama tu babake, akasema, "Kwani sisi, baba, ulituhamishia wapi?"

Naona mnacheka. Chekeni, meno ni yenu. Sisi je? Si tunasema hapa kanisani tumegeuzwa, tumekuwa watu wapya? Mavazi tumebadili, salamu tumebadili, tunaitana wapendwa mpaka masikio yanachoka. Lakini jirani akibisha hodi, neno letu la kwanza ni lipi? "Kuna nini?" Akisema hakuna kitu, nimepita tu kuwaona, macho yanakwenda kwenye saa. Nani hapa, mwaka huu, amemkalisha mtu akampa maji, asimwulize kilichomleta?

Na kila Jumapili mnamwomba Mungu awatembelee. Haya. Ila mjue Mungu ana adabu za wazee, haelezi shughuli yake mlangoni. Mwulize shida yake, atakushukuru, ataenda zake. Nawe utabaki unatangaza mtaa mzima kwamba hakuja.