Nani Aliyewaona Wakivuka?

Ndugu zangu, leo nawapeleka vitani, kwenye kikosi kimoja cha mizinga.

Kikosi hicho kilifanya kazi katika sehemu tatu. Kilimani alikaa mtazamaji. Yeye aliliona daraja la adui, lakini hakuwa na mzinga. Hemani alikuwemo koplo, binti aliyepiga hesabu za shabaha, na mbele yake ilikuwa ramani tu. Bondeni walikuwa wapigaji na mizinga yao, wasioona kilima wala daraja. Redio ndiyo iliyowaunganisha wao kwa wao, na kapteni wao. Na walikuwa na desturi waliyoishika sana: yeyote mwenye shaka, hata awe na cheo cha chini kuliko wote, akisema "Sitisha," hakuna anayefyatua mpaka shaka hiyo iishe.

Asubuhi moja magari ya adui yalikaribia daraja. Lakini askari wenzao wa doria walikuwa wamelala ng'ambo ya mto, upande wa adui, na njia yao ya kurudi ilipita hapo hapo. Kapteni akatangaza kwenye redio, "Doria imeshavuka. Jiandaeni kupiga."

"Sitisha," akasema koplo.

"Sitisha nini? Magari hayo yanafika!"

"Afande, nani aliyewaona wakivuka?"

"Nimeambiwa na kilima."

Mtazamaji akadakia, "Mimi nimesikia kwa wapigaji, afande."

"Sisi tumeambiwa na hema," wakasema wapigaji.

"Na hema tumeambiwa na wewe, afande," akasema koplo.

Mmeona, ndugu zangu? Habari ilizunguka kikosi kizima ikarudi ilikotoka, na kila ilipopita ikazidi kuaminika. Wote walikuwa na uhakika. Nani alikuwa ameona?

Mpigaji mmoja akafoka, "Koplo, basi tuwapelekee adui chai na vitumbua!" Alifoka, lakini kamba ya kufyatulia hakuigusa. Kapteni akaiita doria mara kadhaa. Kimya. Magari yakavuka daraja mbele ya macho ya mtazamaji, hadi la mwisho.

Baadaye kidogo doria ikatokea kambini, miguu imejaa matope. Walikuwa wamevuka tangu alfajiri, kwa kivuko cha chini, na redio yao ilikuwa imelowa. Mizinga ingepigwa, wasingeguswa hata mmoja.

Brigedia alikuja amekasirika. "Kapteni, magari yamepita kwa sababu ya koplo mmoja?"

"Kwa sababu ya kikosi changu, afande. Alisema sitisha, tukasitisha wote."

"Unajua cheo chako kitachelewa?"

"Kichelewe, afande. Kesho akisema tena, tutasitisha tena."

Brigedia akamgeukia sajini wa doria. "Waambie wewe! Hamkuwa salama?"

"Tulikuwa salama, afande. Ila tuna ombi." Sajini akasimama wima kwa matope yake. "Mkitutuma tena ng'ambo, nyuma yetu iwekeni mizinga ya hawa hawa."



Ndugu zangu, nikikifikiria kikosi kile kifua kinajaa. Sisi je? Nasi tuko sehemu sehemu: wazee wa kanisa, kwaya, akina mama, vijana. Hakuna anayeona yote. Tunakaa kikao, mmoja anasema, "Yule mjane siku hizi hana mwenendo mzuri." Umejuaje? "Wote wanasema." Wote ni nani? Ni sisi, tuliosikia kwa sisi! Kisha tunafyatua.

Akitokea mmoja wetu akauliza, "Nani ameona?", tunamwita mkaidi. Na ikija kujulikana kwamba shaka yake haikuwa na msingi, tunamcheka mwaka mzima, mpaka asithubutu tena kufungua kinywa.

Nataka kujivunia kanisa hili kama kapteni yule alivyojivunia watu wake. Yupo mwenzetu asiye hapa leo, wala hajui tutakaa kikao gani tukitoka ibadani. Je, anaweza kwenda zake, ametuacha sisi nyuma yake, bila kugeuka kututazama?