Kidole Gumba cha Bi Nukta

Waliosema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua hawakutaka kutufundisha kuwa maradhi huua. Hilo halihitaji mwalimu. Walichokiona wao ni kwamba ugonjwa hauna adabu ya kutulia pale unapofichwa. Utaufunika leo, nao utanenepa chini ya hilo hilo guo ulilouwekea, na siku ya kujitokeza utajitokeza mbele za watu, tena huenda usije peke yake. Hivyo ndivyo yalivyompata Bi Nukta.

Bi Nukta halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alibandikwa na wanawake wa mtaani kwa sababu ya kazi ya mikono yake. Katika chumba cha mbele cha nyumba yake, chini ya dirisha, palikuwa na meza ndogo, taulo jeupe lililokunjwa kama mto, na kasha la viatu lililojaa chupa za rangi za kucha. Mteja aliketi, akalaza mkono juu ya taulo, na Bi Nukta akaanza taratibu. Kwanza alipaka rangi ya msingi, nyepesi kama ute wa yai. Kisha ilifuata rangi yenyewe, tabaka la kwanza, akaingoja ikauke. Tabaka la pili, akaingoja tena. Juu yake alinyunyiza glita, nzito kwenye ncha na hafifu kadiri ilivyoshuka, kama cheche zinazozimika. Mwisho alichovya kijiti cha kuchokolea meno na kuziweka nukta zake: kubwa katikati, ndogo pembeni, ndogo zaidi ukingoni, hata ukadhani ukucha ule umeota maua.

"Rangi ni kama mgeni," alizoea kuwaambia wenye papara. "Ukimharakisha aondoke, anakwenda kukusema."

Hakuwa na kibao mlangoni. Vidole vyake mwenyewe ndivyo vilivyokuwa kibao. Kila alikokwenda, iwe sokoni, iwe kwenye sherehe, wanawake waliishika mikono yake na kuigeuzageuza wakiitazama.

Asubuhi moja, akiwa anafuta rangi ya zamani, aliona mstari kwenye ukucha wa kidole gumba cha mkono wa kushoto. Ulikuwa mwembamba kama uzi, wa rangi ya kahawia iliyoiva, umeanzia shinani mwa ukucha hadi nchani. Akadhani ni doa la rangi. Akachovya pamba kwenye dawa ya kufutia, akasugua. Mstari haukutoka. Akasugua mpaka ngozi ikamwasha, na mstari ukabaki pale pale ukimtazama.

Alijipa moyo. Watu wengi wenye ngozi nyeusi kama yake wana mistari kwenye kucha na wanazeeka nayo. Hata wifi yake, dada wa mumewe aliyeishi naye na kushona nguo katika chumba cha nyuma, alikuwa nayo kwenye vidole viwili. Lakini ya wifi ilikuwa hafifu na haikubadilika tangu ujana wake. Huu wa kwake ulizidi kukolea. Ulipanuka ukawa kama njiti ya kiberiti, na baadaye weusi ukavuka ukucha, ukaingia kwenye ngozi iliyo nyuma yake.

Angeweza kwenda hospitali. Haikuwa mbali. Lakini mama yake aliingia hospitali kwa miguu yake mwenyewe, akiwa na kidonda kisichozidi ukubwa wa kifungo, akatoka amebebwa. Bi Nukta alikuwa binti wakati huo, na kilichomkaa kichwani ni lile jengo na harufu yake. Hakujiuliza kidonda kile kilikaa muda gani chini ya soksi kabla ya siku hiyo. Tena alimwogopa binadamu kuliko alivyoliogopa jengo. Nani atakubali kumpa vidole vyake mtu ambaye kidole chake kinaoza?

Basi akakifunika. Alichagua buluu nzito kupita zote kwenye kasha, akapaka tabaka juu ya tabaka, akamwaga glita, akapanga nukta nyeupe, na ili kidole kile kisijitenge akavipamba vyote kumi vivyo hivyo. Wateja walipouona mtindo huo waliupenda, wakaomba wapakwe kama yeye. Kila alipomwekea mtu nukta zile, alihisi kama anamgawia siri yake.

Kutoka siku hiyo hakuifuta rangi mbele ya mtu. Alifunga mlango, akashusha pazia, akafuta upesi na kupaka upesi, yeye ambaye hakuwahi kuharakisha rangi. Alikiogopa kidole chake kama mtu anavyomwogopa nyoka aliyeingia chumbani: hathubutu kumtazama, na hathubutu kulala akijua yumo.

Wifi yake alikuwa na macho ya mshonaji, yale yanayoona uzi uliolegea kutoka upande wa pili wa chumba.

"Wifi, kucha zako siku hizi hazipumui," alimwambia mchana mmoja. "Zipumzishe kidogo. Au nikupake mimi, japo mkono wangu ni wa cherehani."

"Unipake wewe? Nitaonekana nimetoka kuchimba msingi wa nyumba."

Wifi alicheka, lakini hakuyahamisha macho. "Na hicho kidole gumba mbona rangi yake nene kuliko vingine?"

"Nakifanyia majaribio."

"Majaribio gani yasiyoisha?"

"Umekuja kushona, wifi, au umekuja kupekua?"

Lilitoka kwa ukali uliowashangaza wote wawili. Wifi alirudi kwenye cherehani yake. Bi Nukta alibaki akitazama dirisha, kidole gumba amekikunja ndani ya kiganja.

Mumewe alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, na alipiga simu kila alipofika penye mtandao. "Kwema huko?" alimwuliza. Siku moja maneno yalimfika Bi Nukta kwenye ncha ya ulimi. Akayameza. "Kwema," akajibu. "Endesha salama."

Ukucha ukaanza kupasuka na kuvuja. Akabandika juu yake ukucha wa bandia kwa gundi, akaupamba kama kawaida. Maumivu yakawa ya kupiga, yakifuata mapigo ya moyo. Harufu nayo ikaja, na alipoulizwa alisema ni dawa ya kufutia rangi imechacha. Kisha siku moja, akioga, vidole vyake viligusa uvimbe kwapani, mgumu kama kokwa. Sabuni ilimponyoka. Alisimama pale maji yakimchuruzika, hataki kugusa tena kuhakikisha. Kutoka siku hiyo kwapa lile alilisugua kwa dodoki tu, mkono wake usije ukamwambia asichotaka kujua.

Siku ya kuumbuka ilikuwa siku ya kazi. Mwalimu mmoja wa chekechea aliyekuwa anaolewa kesho yake alikuja na shangazi zake wawili, wakaketi ukutani kumsindikiza. Bi Nukta aliamka akitetemeka, na mkono wa kushoto ulikuwa mzito kama wa mtu mwingine. Ndani ya mkono wa gauni lake ulipita mstari mwekundu, kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Alikuwa ameuona. Alivaa gauni la mikono mirefu makusudi.

Msingi ukapita, rangi ikapita, glita ikapita. Alipokamata vidole vya bibi harusi ili aweke nukta, yule binti alishtuka.

"Dada, mkono wako una moto."

"Chumba kina joto."

"Mbona unatetemeka basi?"

Bi Nukta alichovya kijiti. Alikuwa anaziona nukta mbili mahali alipoweka moja. Aliinamisha kijiti, na nukta ikaanguka nje ya ukucha, kwenye ngozi, jambo ambalo hakuna mtu pale aliyewahi kuliona. Akanyoosha mkono kuchukua pamba. Meza ikamkimbia, kasha la viatu likapinduka, chupa zikapasuka sakafuni, naye akaanguka juu ya zile chupa. Bibi harusi alimdaka kichwa kwa vidole ambavyo rangi yake haijakauka, na wifi akatoka mbio chumba cha nyuma, utepe wa kupimia ungali shingoni.

Hospitalini walimlaza kwenye kitanda cha mapokezi. Muuguzi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alileta kile kibanio kidogo cha kupimia hewa kwenye damu, akakiangalia kidole, akatikisa kichwa.

"Hakisomi vizuri kupitia rangi nzito namna hii. Nani ana dawa ya kufutia?"

Wifi alikuwa na chupa. Aliinyakua kule nyumbani, moja iliyosalimika sakafuni, bila kujua kwa nini. Akalowesha pamba, akaushika mkono uliokuwa karibu naye. Ulikuwa wa kushoto. Bi Nukta, aliyekuwa kama hayupo, ghafla alikunja ngumi.

"Si hicho," alisema. "Chukua kingine. Wifi, nakuomba, si hicho."

Tangu Bi Nukta aolewe katika familia yao, wifi hakuwahi kumsikia akiomba kitu. Muuguzi alipandisha mkono wa gauni, akauona mstari mwekundu, akaufuata kwa macho hadi ulikoanzia.

"Hicho ndicho tunachokitaka," akasema, akaifungua ile ngumi kidole kimoja kimoja.

Wifi akafuta. Mng'ao ukaondoka kwanza. Nukta zikayeyuka zikawa ukungu mweupe. Glita ikang'ang'ania pamba kama magamba ya samaki. Buluu ikatoka, ikatoka tena, pamba ikabadilishwa, buluu bado inatoka. Halafu ukucha wa bandia ukajing'oa wenyewe, na harufu ikajaa chumba chote. Chini yake hapakuwa na ukucha. Palikuwa na kidonda cheusi, kibichi, na weusi wake ulikuwa umeteremka hadi kwenye kiungo cha kwanza.

Mlangoni shangazi mmoja wa bibi harusi aliziba mdomo kwa khanga. Mwingine alimvuta mwalimu nyuma. Wifi hakupiga kelele. Aliiweka pamba chini polepole, kana kwamba ni kitu cha kuvunjika.

"Tangu lini?" akauliza.

Bi Nukta alifumba macho. Machozi yalimchuruzika yakaingia masikioni, na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Walimpa dawa za kuua vijidudu vilivyokuwa vimeingia kwenye damu, na homa ikashuka. Daktari, mwanamama mrefu aliyependa kuketi kabla ya kusema neno, alikata kipande cha nyama kwenye kile kidole, akakipeleka kupimwa, na majibu yalipotoka akaja kuketi.

"Homa ile ilikuwa mgeni tu," alisema. "Mwenyeji ni saratani. Ilianzia chini ya ukucha. Tutakiondoa kidole, tutatoa na uvimbe wa kwapani. Ugonjwa ulianzaje?"

"Mstari. Mwembamba tu."

"Ungekuja na huo mstari, huenda ningekutoa kipande kidogo, ukarudi nyumbani kwenye kazi yako."

"Nilikuwa naogopa kufa, daktari."

"Najua." Daktari hakumkaripia. "Karibu wote wanaonijia wamechelewa huniambia hivyo."

Mumewe alifika na vumbi la barabara kwenye nywele. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akautazama mkono uliofungwa bandeji. Kisha akasema, "Nilikuwa naendesha usiku na mchana nikijua nyumbani ni kwema." Hakuna kofi ambalo lingemwuma Bi Nukta kuliko maneno hayo.

Dawa zilimpa muda, hazikumpa miaka. Ugonjwa ulikuwa umeshapita kwapani, ukafika kwenye mapafu. Hofu haikumwacha, ila sasa hakuibeba peke yake. Wifi alihamishia cherehani chumba cha mbele ili amsikie akikohoa, na mumewe akaomba safari za karibu. Jioni fulani, wakiwa wawili, Bi Nukta alimwambia wifi yake, "Ulipouliza habari za kidole, nilitamani uulize tena."

"Nilitamani kuuliza tena," wifi akajibu. "Nikaogopa utanichukia."

Alifariki mchana, wifi akiwa ameushika ule mkono wa vidole vinne.

Msibani wanawake aliowapamba walijaa hadi uani. Waliulizana chini chini alianza kuumwa lini, mbona majuzi tu walikuwa naye na vidole vyake vinameta. Wengine walisema amerogwa, wengine wakasema ni ile rangi. Wifi aliwasikiliza mpaka akachoka. Akasimama katikati yao, akawasimulia yote bila kupunguza: mstari, pazia lililoshushwa, ukucha wa bandia, uvimbe. Aliyoyazika marehemu chini ya buluu na nukta yalisemwa peupe, mwenyewe hayupo kuyakanusha wala kuyaeleza. Wanawake waliinamisha vichwa, na mmoja mmoja wakawa wanajitazama vidole vyao vilivyopakwa rangi, kisha wakavikunja ndani ya viganja kama walioshikwa na baridi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.