Barua za Chumba Namba Nne

Kabla sijaanza, aliye na barua ya mtu mfukoni aitoe. Hakuna? Mmejibu upesi mno, lakini haya, sogeeni.

Hiki kisa hakina sungura wala fisi. Ni cha watu, tena watu wazuri, na ndiyo maana kinaniudhi mpaka leo. Kilitokea Morogoro, enzi ambazo simu ilikuwa kitu cha ofisini na mtu wa kawaida akitaka kusema na mama yake anaandika barua. Nilikuwa nimepanga chumba namba tano kwenye nyumba ya Mzee Mkude, ukuta mmoja na namba nne. Kwa hiyo msije mkasema nimesimuliwa.

Wapangaji hatukuwa na sanduku la posta. Sanduku lilikuwa la Mzee Mkude, na ufunguo aliuvaa shingoni. Aliyetaka kuandikiwa aliwaambia watu wake waandike jina, namba ya chumba, kisha "kwa mkono wa Mzee Mkude". Sasa mzee huyo hakuwa amesoma hata siku moja. Herufi hazijui, anajua tarakimu, kwa sababu alikuwa anaziandika mwenyewe kwa chokaa milangoni. Akiona nne kwenye bahasha, anaisukuma chini ya mlango wa nne, aliyemo yeyote.

"Barua ni ya chumba," alikuwa akisema. "Mimi sipangishi majina, napangisha vyumba."

Katika nyumba ile walikaa watu watatu wenye vipaji. Mwanaidi, muuza uji, alijaliwa moyo. Ukimwambia kichwa kinakuuma, yeye ndiye hatalala. Mwalimu Komba, mstaafu kutoka Songea, alijaliwa kalamu. Angeweza kuandika kama hakimu, kama mlevi, kama bibi harusi, upendavyo. Na Chilongani, Mgogo mrefu aliyekagua tiketi kwenye garimoshi la bara, alijaliwa miguu. Hakuna mzigo aliokabidhiwa usifike.

Namba nne alikaa kwanza kijana wa Kinyamwezi, Mihayo, wa kiwanda cha magunia. Siku moja akabeba godoro lake kichwani akaondoka, bila kuaga mtu. Mwezi uliofuata akaingia Mwanaidi.

Barua ikaja. Mwanaidi, masikini, alidhani ni yake. Nani wa kumwandikia sijui, maana mama yake alikufa yeye akiwa na miaka sita, lakini mtu hutamani. Hajui kusoma, akampelekea Mwalimu Komba, naye akaifungua na kuanza kwa sauti yake ya darasani:

"Mwanangu Mihayo, mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Tangu uondoke hukuniandikia; namba ya chumba chako nimepewa na mtu wa kiwandani kwenu, ndiyo kwanza leo nakuandikia. Kama ni yale maneno tuliyoachana nayo, mimi nimeshasahau. Mguu unanisumbua, siendi tena kwenye mizinga ya nyuki. Nijibu hata neno moja. Ni mimi mama yako, Kalunde."

Mwalimu akavua miwani. "Si yako hii, Mwanaidi. Ni ya yule aliyehama."

Mwanaidi akairudisha kwa Mzee Mkude. Mzee akaigeuzageuza. "Hii si nne? Wewe si nne? Unataka nini tena?"

Nisimwonee: alimtafuta Mihayo. Alisimama na ndoo yake ya uji kwenye lango la kiwanda siku mbili nzima, akaambiwa ameacha kazi na hajulikani aliko. Jioni ya siku ya pili akamfuata Mwalimu, na Chilongani alikuwepo, miguu kwenye beseni la maji ya moto.

"Basi tumwandikie ukweli," alisema Mwalimu. "Kwamba mwanawe kahama, hatujui aliko."

"Mama mgonjwa umwandikie hivyo? Unataka kumuua?"

"Sasa tumwandikie nini?"

"Amesema hata neno moja. Mpe neno moja."

Wakampa. Na neno moja, jamani, halijawahi kubaki moja.

Mwanaidi alitoa moyo. Yeye ndiye aliyesema cha kuandikwa. Alikaa kizingitini mwa Mwalimu na kuzungumza na Bibi Kalunde kama anamwona: mguu umevimba au unawaka tu? Umejaribu kuukanda kwa maji ya chumvi? Asikudanganye mtu ukapanda mtini kwenda kurina asali. Kila mwisho wa mwezi alipunguza sukari ya uji wake, wateja wakanuna, akapata kanga, au dawa ya kuchua, au sabuni ya kumpelekea.

Mwalimu Komba alitoa kalamu. Maneno ya Mwanaidi yalikuwa ya mwanamke, tena yenye machozi, na mwana wa Bibi Kalunde alikuwa mwanamume. Mwalimu aliyachuja, akayavisha kanzu. Bibi alipouliza kwa nini haji, Mwalimu alimtafutia sababu zisizoumiza: kazi za zamu, reli imekatwa na mvua, mwakani. Aliniambia siku moja kwamba katika maisha yake yote hajaandika kitu kizuri kuliko barua zile, na hakuna hata moja iliyokuwa na jina lake.

Chilongani alitoa miguu. Kijiji cha Bibi kilikuwa kando ya reli, kabla ya kufika Tabora, na garimoshi lilisimama pale muda wa kunywa chai tu. Basi yeye aliomba mwenzake amshikie zamu, akashuka, akatembea saa mbili porini na kifurushi, akajiita rafiki wa Mihayo. Aliezeka upya banda la kuku. Alimkatia kuni. Bibi akamzoea, akawa anamwekea kiporo cha mihogo.

Miaka minne! Mama aliyekuwa anakufa kwa fikra akaandika, "Sasa nalala usingizi." Alikuwa na mizinga thelathini na sita kwenye miti, urithi wa baba yake, na kila msimu Chilongani alirudi na debe la asali la mwanawe. Mwana gani? Waligawana wao watatu. Na mimi jirani nilipewa kikombe.

Sasa sikilizeni hapa, na wewe unayesinzia amka. Mwaka wa pili, asubuhi, nachambua mchele mlangoni, nikamwona Mihayo anaingia uani. Amekonda, mkono wa kuume kauficha mfukoni. Akamsalimu Mzee Mkude.

"Shikamoo mzee. Samahani, hakuna barua yangu iliyokuja hapa?"

"Marahaba. Wewe chumba gani?"

"Nilikuwa namba nne."

"Ya namba nne hupewa namba nne. Yako hakuna."

Mwanaidi alikuwa ndani. Nilimsikia anaweka mwiko chini. Nilimsikia anakuja mpaka mlangoni, akasimama nyuma ya pazia. Nikangoja atoke. Hakutoka. Mihayo alikaa kidogo, akasema ahsante, akaenda zake.

Baadaye nikamuuliza, "Mwanaidi, hukumwona?"

"Nilimwona."

"Sasa?"

Akasema, "Dada, mwezi huu ameniita 'mwanangu' mara tisa. Mwalimu amenihesabia."

Mihayo alikuja tena mwaka ule, akaja tena mwaka uliofuata. Mara tatu. Mara tatu akaambiwa yako hakuna.

Kisha ikaja telegramu, Mzee Mkude akaisukuma chini ya mlango wa nne kama kawaida. Mwalimu akasoma: MAMA AMEFARIKI NJOO. Mwanaidi alipiga ukelele mpaka watu wa mtaa wa pili wakaja. Kesho yake Mzee Mkude akakutana na Mihayo sokoni. Nyumba nzima imemlilia mama wa Mihayo, naye mzee kwa heshima zake akampa mkono. "Pole na msiba, kijana."

"Msiba gani?"

"Kwani si mama yako? Telegramu ilikuja namba nne."

Fikirieni mtu kupewa kifo cha mama yake hivyo, katikati ya mafungu ya nyanya.

Tulifika kijijini, wao wanne na mimi jirani, Mihayo kwa garimoshi la nyuma yetu, Bibi akiwa ameshazikwa, na siri ya barua ikajulikana humo matangani. Siku ya kuanua matanga, Mwenyekiti wa kijiji akasimama mbele ya watu. "Marehemu aliniita mbele ya mashahidi. Alisema, 'Nyumba yangu na mizinga yangu ni vya mwanangu yule aliyekuwa akiniandikia. Asigawiwe mwingine. Huyo ndiye atakayejenga kaburi langu, na huyo ndiye mwanangu.' Nikamwambia, Bibi, taja jina, ni Mihayo? Akasema, 'Atajitaja mwenyewe.'"

Mihayo akasimama. Akautoa mkono mfukoni. Vidole viwili havipo, mashine ya magunia ilivichukua. "Mimi ndiye mwanawe. Hakuzaa mwingine. Niliondoka hapa kwa maneno mabaya, na mkono wa kuandikia ukakatika. Nikaona aibu kumwambia mtu aniandikie. Nikasema mama akiandika kwanza, nitajua bado ananitaka. Nilikwenda mara tatu kuuliza, nikajua hanitaki. Kumbe hawa walikuwa wanamla mama yangu kwa kijiko!"

Mwalimu Komba akakohoa. "Kijana, mimi nakuheshimu kwa msiba wako. Lakini marehemu alisema aliyeandika. Aliyeandika ni mimi hapa. Ulikuwa na vidole vitatu na mdomo mzima, ungeweza kumwomba hata mtoto wa shule."

"Karatasi ingetembea yenyewe?" Chilongani naye akasema. "Barua ingeishia Morogoro. Mimi ndiye niliyemkatia kuni. Muulizeni jirani yeyote hapa mwana wa Kalunde ni nani, atanionyesha mimi." Na kweli, majirani wawili wakaitikia kwa kichwa.

Mwanaidi hakusimama. "Walioandika na kupeleka, walipeleka maneno yangu," akasema. "Nilimpenda. Sina la kuongeza."

"Ulinisikia nikiuliza?" Mihayo akamgeukia.

"Nilikusikia."

"Mara zote?"

"Mara zote."

Mwanaidi akafungua fundo la kanga, akatoa barua zote, thelathini na moja, akamwekea Mihayo mapajani. Zilikuwa za Mihayo, jina lake juu ya kila moja. Akazisoma palepale, moja baada ya moja, na sisi tumekaa. Alilia kwa ile ya kwanza. Alilia kwa ile ya kumi. Alipofika ya mwisho hakulia. Aliisoma kwa sauti, na sauti ilikuwa kavu:

"Mwanangu, nakushukuru. Siku hizi kila barua unaniuliza habari ya mguu wangu. Zamani ulipokuwa hapa nyumbani hukuwahi kuniuliza."

Akaikunja.

Mwenyekiti alishindwa. Akaamuru mizinga isiguswe mpaka mwana ajulikane. Msimu ukapita, asali haikurinwa, ukapita wa pili. Nyuki hawajui kesi, wakaanza kuhama. Kaburi mpaka leo ni udongo mtupu, mvua inalila, kwa sababu wa kulijenga ni mwana, na mwana hajapatikana.

Msiniambie wagawane! Bibi alisema mmoja. Na kama alijua aliyemwandikia si Mihayo, au hakujua, hilo kaenda nalo.

Mimi ningeamua, lakini kikombe kile cha asali nilikipokea kwa mikono miwili, na mara tatu zile nilikuwepo na mchele wangu nikanyamaza. Aliyeilamba asali hawezi kukaa barazani kuhukumu. Nyinyi hamkulamba. Haya: aliyezaliwa akangoja, aliyependa akaficha, aliyeandika yasiyo yake, au aliyetembea? Mwana wa Bibi Kalunde ni yupi? Nijibuni, maana mizinga iliyobaki yenye nyuki ni minane.