Silinda Hedi Tatu za Mzee Kimweri

Wewe, umewahi kununua rangi ukadhani umenunua kipuri?

Mwantumu, fundi aliyejiundia gari la mashindano kwa vipuri vya kuokoteza, alibakiwa na pesa za silinda hedi moja tu, kile kifuniko cha juu cha injini. Akikosea, injini ingemfia Jumamosi kabla hajafika mwisho wa mbio. Dukani kwa Mzee Kimweri zilikuwapo tatu: mbili zinang'aa, moja imejaa masizi.

"Zote nzima, dada. Hizi mpya, laki tisa. Hiyo chafu ya wanyonge, laki mbili."

"Basi sina bahati, mzee. Natafuta iliyopasuka ikachomelewa. Wataalamu wanasema ikishaungua mara mbili haisikii tena joto. Msomi wa injini kama wewe hukulisikia hilo?"

Kimweri akakohoa. "Nalijua tangu zamani."

"Ningetoa hata milioni. Lakini nani ataniapia kwamba ilipasuka kweli?"

Kimweri akainua mkono mbele ya wateja wote. "Wallahi, hizi mbili zilipasuka, nikazichomelea na kuzipaka rangi mwenyewe."

"Na hii chafu?"

"Hiyo achana nayo, mwanangu. Haijapata kupasuka hata siku moja, nilikuwa nakudanganya tu niliposema zote nzima."