Tumbo la Rubana

"Mshika usukani hajui tumbo la meli." Jana mliisikia kauli hii mkutanoni. Katibu wa maji alijisifu kwamba tangu ashike ofisi pampu haijazima hata siku moja, na Mama Nyamwaga, yule anayeitia grisi kila asubuhi na kuibadilishia mipira, akainuka, akamjibu kwa maneno hayo, akakaa. Watu wakacheka, nanyi mkacheka, kumbe hamjui mnachocheka. Basi sogeeni niwaambie ilikotoka, maana haikushuka na mvua. Ilizaliwa hapa hapa Musoma, na mimi nilikuwepo.

Zamani kidogo, kabla ninyi hamjazaliwa, palikuwa na chama cha watu wazima waliokuwa wakiunda meli ndogo. Wengi walikuwa wastaafu wa bandarini na melini. Walikutana kila Jumamosi kwenye baraza ya ghala moja la zamani, kila mmoja na wembe wake, msasa wake na kopo lake la gundi. Walichonga kwa mbao laini, wakakata mabati ya makopo ya maziwa, wakanyoosha spoku za baiskeli ziwe vyuma vya kushikia abiria. Hawakuuza. Meli ikikamilika ilizungushwa: wiki moja inakaa kwa huyu, wiki nyingine kwa yule, mpaka imelala nyumba zote ndipo irudi kwa mwenyewe. Mimi nilikuwa fundi cherehani, nikawashonea bendera za ukubwa wa kucha, na kwa kazi hiyo nikahesabiwa mwanachama.

Walikuwa na desturi nyingine. Kabla mtu hajaifunika meli yake kwa sitaha, aliileta barazani ikiwa wazi, wenzake wakatia mikono ndani, wakapapasa, wakasema wanachosema. Waliita siku hiyo kuonyesha tumbo. Wengine waliiogopa kuliko mtihani, maana humo ndimo uvivu wa fundi ulimojificha.

Katika chama hicho alikuwemo Mzee Mafuru. Alishika usukani wa meli iliyoitwa Rubana miaka ishirini na saba. Alikuwa mtu safi, mwenye shati jeupe hata baada ya kustaafu, na hakuwahi kuinama kuokota kitu kama palikuwa na mwingine wa kuinama. Alikuwemo pia Mzee Bwire, aliyefanya kazi miaka hiyo hiyo katika meli hiyo hiyo, ila chini, kwenye chumba cha injini. Mngedhani watu wa meli moja ni ndugu. Sivyo. Watu wa chini walikatazwa kupanda ngazi ya juu na nguo zao za grisi, na watu wa juu hawakuwa na haja ya kushuka. Miaka ishirini na saba Mafuru na Bwire walisafiri pamoja wakisalimiana gatini tu.

Rubana ilipochakaa iliuzwa kuwa chuma chakavu, ikakatwa vipande mbele ya macho yetu. Haikubaki hata picha ya maana. Mwaka uliofuata Mafuru aliambiwa na daktari kwamba ana presha ya macho, na kwamba nuru iliyobaki huenda isivuke masika. Hapo akaamua kuiunda Rubana upya. Alituambia wazi kwamba anataka kitu kimoja tu: aione imesimama majini kwa mara nyingine, halafu macho yafunge kama yanataka kufunga.

Alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Aliweka kila kitu mahali pake: dohani yenye mistari miwili, madirisha kumi na manane kila upande, jiko la abiria na tangi lake la maji upande wa kushoto, vyote vya bati halisi. Chini kabisa alizungusha mstari mwekundu, aliouchimba kwa wembe kabla ya kuupaka rangi, mahali maji yalipofika kwenye Rubana yenyewe. Ila siku ya kuonyesha tumbo hakuja. Alikwisha kuipigilia sitaha na kuitia gundi nyumbani. Tulipomuuliza, alisema aliliweka ganda tupu kwenye beseni la mkewe, Nyangeta, likakaa sawasawa, na kwamba aliyeiongoza Rubana miaka yote hiyo hahitaji kupapasiwa.

Bwire alimuuliza kwa upole kama ndani ameweka uzito upande wa kulia. Mafuru akajibu kwamba Rubana haikuwahi kulala upande hata siku moja mikononi mwake, kwa hiyo uzito wa nini.

Tuliishusha kwenye hodhi la saruji nyuma ya ghala, Jumamosi moja ya Novemba. Chama kizima kilikuwepo. Mafuru mwenyewe aliiachia kwa mikono miwili. Ikaelea, na tukaanza kupiga makofi. Kisha taratibu ikalala kushoto, mstari mwekundu ukazama upande mmoja na kutoka majini upande wa pili. Makofi yakakatika. Naona aibu hata leo nikikumbuka, kwa sababu kuna waliocheka, na mmoja wao ni huyu anayewasimulia.

Bwire akasogea. Akasema, "Ifungue sitaha nitie mkono. Najua inachotaka."

Mafuru hakumtazama. "Mkono wa grisi hauingii kwenye meli yangu," alisema. "Wewe huko chini ulikuwa unafanya nini zaidi ya kupaka?"

Bwire akavaa kofia yake akaenda zake. Hakuja barazani tena kwa miezi mitano.

Miezi hiyo Mafuru aliipoteza, na yeye ndiye asiyekuwa nayo ya kupoteza. Aliichonga dohani ikawa nyembamba. Akaongeza ubao chini. Akahamisha boti za kuokolea watu. Kila alipoirudisha kwenye beseni ililala vilevile, na kila alipoitazama aliiona kwa shida zaidi ya jana. Mwanzoni alilalamika kwamba taa ni hafifu. Baadaye akaacha kuulizia taa. Siku ya Pasaka alimwomba Nyangeta amsomee namba za rula, nasi tukajua.

Baada ya Pasaka Nyangeta alimkuta ameketi na meli mapajani, akiipapasa na kuivunjavunja vyuma vya pembeni bila kujua. Mama yule alikuwa mpole, lakini siku hiyo alivuta kigoda. Maneno aliyosema alinisimulia mwenyewe.

"Baba Magesa, humu ndani chumvi haijawahi kuisha miaka arobaini. Ulidhani inajijaza?"

Kisha Nyangeta akarudi jikoni. Kesho yake asubuhi mzee alitaka shati lake na fimbo, akasema apelekwe kwa Bwire, na meli aibebe mwenyewe.

Bwire alikuwa uani anasafisha taa ya chemli. Mimi nilikuwa pale, nimempelekea suruali yake niliyoitia kiraka. Mafuru alisimama mlangoni, akainyoosha meli mbele yake pasipo kujua kama kuna mtu wa kuipokea.

"Bwire, nimekuletea tumbo," alisema. "Ulilolijua lipo humo, mimi silijui."

Bwire aliipokea. Alileta msumeno mdogo, akaikata sitaha pembeni taratibu, akatia mkono. Muda wote alikuwa akieleza, bila kujivuna, kama mtu anayemwonyesha mgeni chumba. Jiko na tangi viliifanya Rubana iwe nzito kushoto tangu siku ilipoundwa. Ndiyo maana chini, upande wa kulia, kulikuwa na matangi mawili ambayo abiria hakuyaona. Jikoni wakitumia maji, au abiria wakihamia upande mmoja kutazama gati, watu wa chini walipiga pampu kwa mkono, maji yakatoka tangi hili kwenda lile, mpaka meli isimame.

"Kila safari?" aliuliza Mafuru.

"Kila safari. Ukiona usukani umekuwa mwepesi, basi huku chini tumemaliza."

"Na hamkuniambia."

"Hukuuliza," Bwire alisema. "Na ngazi ile hatukuruhusiwa kuipanda."

Mafuru alilia. Hakuficha, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Bwire aliendelea na kazi yake. Alichukua chubwi za nyavu, zile risasi wanazofunga wavuvi, akazipanga upande wa kulia moja moja huku akiipima meli kwenye karai. Zilitosha chubwi tisa. Alipotaka kuifunga sitaha kwa gundi, Mafuru alimzuia. Akasema ibaki inafunguka.

Jumamosi hiyo tulirudi kwenye hodhi. Safari hii Bwire ndiye aliyeishusha. Mafuru alipiga magoti kwenye saruji na shati lake jeupe, akatia mikono majini, akaweka kidole kimoja kushoto mwa meli na kimoja kulia, pale alipokata mwenyewe alama ya mstari.

"Bwire, mwekundu unaonekana?"

"Unaonekana. Pande zote mbili."

"Maji yamenifika sawa," alisema Mafuru. Kisha akatugeukia, au alikodhani tupo, akasema maneno ambayo sasa kila mtu anayasema kama yake. Alisema, "Mshika usukani hajui tumbo la meli. Mimi nimelijua, na sasa siioni."

Mafuru na Bwire wote wamekwishatutoka. Rubana bado inazunguka nyumba kwa nyumba, na wiki hii ni zamu yangu, ile pale juu ya kabati. Ishusheni mfungue sitaha, mhesabu chubwi kwa mikono yenu. Halafu kesho mpitieni katibu wa maji mumsalimie, lakini anzeni kwa Mama Nyamwaga pale kwenye pampu, mmuulize huwa anafanya nini kabla hamjaamka. Mshika usukani hajui tumbo la meli.